Aliyeitwa Hakuagwa

Mkanda wa kaseti haunuki, jamani. Utakwaruza, utakatika, utavuma mpaka kichwa kikuume, lakini kunuka haunuki. Sasa Najat alikuwa amekaa barazani kwa Direkta, kikombe cha kahawa mkononi, masikio yote kwenye redio, mara marashi ya mawaridi yakampita puani kama apitavyo mtu aliyevaa kanzu iliyofukizwa. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Akawatazama wazee aliokaa nao, na wazee wale walinuka tangawizi na dawa ya kuchua magoti, basi.

Ngoja nikupe watu kwanza, tusije tukapotezana huko mbele.

Najat alikuwa fundi cherehani wa pale pale Mabawa, mwanamke wa hamsini na ushei, mdomo wake mfupi, kumbukumbu yake ndefu. Mwenye baraza ni Mzee Abdulghani. Tanga nzima ilimwita Direkta, kwa sababu zamani, redio ilipokuwa redio, ndiye aliyeongoza kikundi kilichoigiza michezo ya yule Mwingereza wa kale, ile iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Wafalme wanaouana, mabinti wanaovaa suruali wakapita kwa wanaume, majemadari wanaodanganywa na wachawi. Kila Ijumaa baada ya alasiri wazee wenziwe walikuja kusikiliza mikanda ile. Siku nyingine aliwawekea televisheni, mkanda wa video usio na rangi, Waingereza wenyewe wakicheza, mfalme kavaa taji kama bakuli la bati, na Direkta akifasiri huku akijipigapiga paja.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa redio. Farasi wakipita mbio, Direkta huuliza, "Nani hao?" na Mzee Laurenti, aliyekuwa fundi wa milio katika kikundi, hujibu, "Vifuu vya nazi!" Mvua ikinyesha juu ya ngome ya mfalme: "Choroko kwenye ungo!" Panga zikigongana: "Mwiko na kifuniko cha sufuria, tena sufuria ya mke wangu!" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Raha ya wazee hiyo, nani awanyime?

Najat hakuwa amekanyaga baraza ile maisha yake yote. Aliyemleta ni Hasina, mjukuu wa Direkta, msichana mcheshi aliyeshonewa nguo zake zote na Najat tangu za Idi za utotoni. Alifuata gauni siku moja, akasema, "Bi Najat, kuna mwanamke kwenye mkanda wa babu, ana sauti yako. Yako kabisa, wallahi! Mimi maneno yake nimeshayahifadhi." Sindano ikamchoma Najat kidole. Sauti ile alijua ya nani. Ilikuwa ya mama yake.

Mama yake aliitwa Mwanamkasi, na kabla ya kuigiza redioni alikuwa fundi wa kupunga pepo. Direkta alimfuata kwa ajili hiyo hiyo. Katika mchezo wa jemadari na wachawi hakutaka mtu wa kujigeuza sauti. Alitaka mwito wa kweli, nchi nzima isisimke. Mwanamkasi akakataa. Direkta akarudi, akambembeleza, akampigia magoti mbele ya Laurenti. Mwisho mama wa watu akakubali kwa sharti moja tu, kwamba akiita ataaga, na hakuna atakayekata maneno ya kuaga. Jini aliyeitwa kwa jina lake ni mgeni. Mgeni huagwa. Jina lake mimi silitaji, na wewe usiniulize.

Mchezo ukarushwa. Watu wakatetemeka majumbani, wanawake wakazimia, ikawa gumzo, masheikh wakauliza nani kafanya mambo haya. Hapo Direkta akasimama mbele ya watu, akaapa. "Mimi sikumtuma. Mwanamke yule ni mchawi, katuingizia jini lake redioni." Neno hilo moja lilitosha. Mume akampa Mwanamkasi talaka, watoto wakamtupia mawe njiani, akabeba mwanawe na kirago chake akahamia Tongoni. Na Tongoni nako habari zilikuwa zimeshafika. Wanawake walimpisha kisimani si kwa heshima. Alipokufa hakuja mwoshaji hata mmoja. Najat, msichana mdogo, alimwosha mama yake peke yake, akimgeuza kwa mikono miwili, hana wa kumshikia hata kata ya maji.

Na mtu aliyefanya hayo kaketi barazani anakunywa kahawa, anainua kidole, "Sikilizeni hapa sasa! Hapa nywele zitawasimama!" Raha imemjaa. Jina la mwenye sauti halitaji.

Ijumaa ile ya kwanza Najat alimsikia mama yake baada ya miaka yote hiyo, akalia kimyakimya kwenye mtandio. Mwito ulipoanza ndipo marashi yalipopita. Kisha mkanda ukafika kwenye maneno ya kuaga, taratibu, kwa upole, na harufu ikaondoka ilivyokuja. Najat akaelewa. Wazee hawa wanamwita kila wakicheza mkanda, na kila mara mama anamrudisha. Hawajui wanachokichezea. Maneno yote mawili, ya kuita na ya kuaga, Najat aliyajua. Mama yake alimfundisha huko Tongoni kama wengine wanavyofundishwa kuunga mchuzi.

Ijumaa ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Mwito ulikwisha, marashi yakaingia, na hapo hapo redio ikala mkanda. Sauti ya Mwanamkasi ikazama, ikawa nzito kama ya dume, ikakata. "Laa!" Direkta akaruka. Akaufungua mlango wa kaseti, akavuta utepe uliosokotana kama tambi, akaagiza wembe na selotepu. Kile kipande kilichotafunwa akakikata, akakitupa uani, akaunga mkanda kwa ncha mbili zilizobaki. "Hamna neno," akasema, "tumepoteza maneno mawili matatu ya mwishoni."

Mkanda ulipowashwa tena, kilichofuata baada ya mwito kilikuwa mlio wa mlango wa jemadari. Maneno ya kuaga hayakuwapo tena.

Marashi hayakuondoka. Yalikaa pale barazani, yakatulia. Mzee Laurenti alimtazama Najat, Najat akamtazama Laurenti, na Hasina, aliyesimama na sinia la vikombe, alikuwa bado anacheka, bado anaurudiarudia ule mwito mdomoni kama wimbo wa taarabu. Usiniulize kama Najat alijua. Alijua! Maneno alikuwa nayo ulimini. Akakumbuka alivyomgeuza mama yake kwa mikono miwili, akasema moyoni, Direkta, leo mgeni wako kalala kwako. Akamaliza kahawa yake. "Asanteni kwa kahawa," akasema, akavaa kandambili, akaenda zake.

Alidhani jini atamshika mwenye nyumba. Lakini jini ana macho. Kwa nini akalie kiti kibovu, mwili wa mzee, na kizuri cha msichana kipo, tena kimemwita kwa kinywa chake chenyewe?

Habari zikaanza kuvuja kwa majirani. Kwa Direkta farasi wanapita ukumbini mchana wa jua kali, ko-ko-ko-ko, kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, na redio haijachomekwa. Mvua inanyesha juu ya bati, inasikika chumba kimoja tu, na nje mbingu nyeupe. Panga zinagongana nyuma ya kabati la vyombo. Direkta alichukua vile vifuu vya zamani alivyokuwa ameviweka kwa ukumbusho akavitia motoni, na vikiwa vinaungua ndani ya jiko farasi wakapita tena, safari hii polepole, wakasimama mlangoni pa chumba cha Hasina. Na Hasina hali. Ugali hataki, wali hataki, samaki hataki. Anakula halua na kunywa marashi.

Najat alisikia yote hayo akiwa kwenye cherehani yake, na mwanzo, tuseme kweli, alifurahi. Waonje, alisema. Waonje nao kunyooshewa vidole.

Alasiri moja Hasina mwenyewe akaja dukani. Amekonda, lakini ametabasamu, akasema kwa sauti yake ile ile tamu, "Shikamoo, Bi Najat. Nimekuja kushonesha kanzu. Nyeupe. Ya kiume." Najat akaitikia marahaba, akachukua futi ya kupimia, akaja kumpima mabega, akaona kwamba kila akiivuta futi mabega yale yanazidi, yanapita mwisho wa mkono wake, na ilhali msichana amesimama pale pale na mabega yake membamba ya siku zote, na joto linatoka mwilini mwake kama la tanuri, na marashi yamejaa chumba kizima, na kichwa cha Hasina kikainama polepole mpaka sikioni mwake, na sauti iliyotoka haikuwa ya msichana wala ya mtu yeyote aliyewahi kunywa maji ya Mabawa.

"Binti Mwanamkasi," ikasema. "Umenyamaza vizuri."

Futi ikamponyoka. Alipoinama na kuinuka Hasina alikuwa mlangoni, machozi yanamtiririka, anasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, "Bi Najat, mimi nimefanya nini?" Kisha akaondoka mbio.

Najat hakushona tena siku ile. Ewe mama, alisema, mimi nilimtegea fisi, mbona kanasa mwanambuzi? Chuki yake kwa Direkta ilikuwa haijapungua hata punje. Lakini mtoto yule hakumpiga mtu jiwe.

Kesho yake jua likielekea kuzama akasikia kwamba Maalimu Mwinyijuma ameitwa kusoma. Akajifunga kanga, akaenda.

Uani palijaa watu. Ndani, ukumbini, Hasina ameketi mkekani, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, damu nyembamba inamtoka puani. Maalimu anasoma, jasho linamchuruzika, na Hasina anasoma pamoja naye, neno kwa neno, kwa sauti ile ya mbali, tena kwa ufasaha kumshinda. Maalimu akaacha kusoma.

"Endelea, Maalimu," ikasema sauti. "Ila hapo umeruka. Rudia."

"Toka ndani ya mtoto wa watu!" Maalimu akafoka.

"Nitoke kama nani? Mbwa hutolewa. Mwizi hutolewa. Mimi nimeitwa kwa jina langu, nikaja na adabu zangu. Umeona wapi mgeni aliyeitwa akafukuzwa? Niageni niende."

Maalimu aligeuka akamtazama Direkta, aliyekuwa amekaa kitini, ameshika mkongojo kwa mikono miwili. "Huyu ana haki, Mzee Abdulghani," akanong'ona. "Jini wa mwito hafukuzwi. Huagwa, akarudishwa kwa aliyemwita. Nani anajua kumuaga huyu?"

Hasina hakugeuka, lakini mkono wake ulinyooka ukaonyesha mlangoni, na mlangoni Najat alikuwa ndiyo kwanza anavua kandambili.

"Shikamoo, Maalimu," akasema Najat. Kwa Direkta hakutoa salamu. "Kuaga najua. Lakini mimi siwezi kumrudisha hewani. Atajwe mwitaji."

"Si ni mama yako!" Direkta akalipuka. "Mwanamkasi! Mji mzima unajua."

Kicheko kikatoka kinywani mwa Hasina, na kwa mbali, juu ya bati, choroko zikaanza kunyesha.

"Huko nimekwenda," ikasema sauti. "Tongoni nimekwenda. Nimebisha kaburini, nikaambiwa, aliyeko humu alitumwa. Rudi kwa aliyetuma. Basi kama hamumtaji mimi nakaa hapa hapa. Damu ya hapa bado mbichi."

Shingo ya Hasina ikaanza kuvutika nyuma, taratibu, taratibu, mpaka ikasikika ikilia. Wanawake uani wakapiga ukelele. Maalimu akamshika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. "Mtoto hafiki Isha," akasema. "Aliyeita aseme. Haraka."

Direkta akamvuta Najat upindo wa kanga. Sauti yake kubwa ya redioni ilikuwa imebaki kijiuzi. "Mwanangu, wanitakia nini?"

"Usiniite mwanao. Nataka jina la aliyeita. Liseme kwa sauti, wa uani wasikie."

"Nikisema... atakuja kwangu?"

"Atarudi kwa aliyemwita."

Mzee Laurenti akasogea mbele, kofia mkononi. Alikuwa amenyamaza umri wake wote, na hata sasa maneno yalimtoka kwa taabu. "Ghani, nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika ungo. Ulimpigia magoti yule mama."

"Nyamaza, Laurenti!"

"Nimenyamaza vya kutosha."

Direkta aliwaangalia watu dirishani, nyuso za majirani, za waumini wenzake, za wale waliomwita Direkta tangu utoto wao. Akaangalia na mkeka. Na muda huo, kwa bahati au kwa ukatili wa jini, sijui, sauti ya Hasina mwenyewe ikarudi kwa pumzi moja tu.

"Babu," akasema. "Inauma."

Mzee yule alisimama. Na katika hilo nitampa haki yake, alisimama bila mkongojo. "Mimi!" akapaza sauti. "Mimi Abdulghani ndiye niliyemwita. Mwanamkasi alikataa, nikamlazimisha. Kisha nikamsingizia uchawi, naye hakuwa mchawi. Mimi ndimi."

Najat alifumba macho. Maneno yale aliyangoja tangu siku ile alipomwosha mama yake, na sasa yamesemwa, hakusikia utamu aliouwaza. Alisikia tu kwamba yamekuwa machache mno. Akapiga goti mbele ya Hasina, akaanza kuaga, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwanamkasi mtupu, mpaka Laurenti akajifunika uso kwa kofia. Aliaga kwa upole. Alipofika mahali pa kumtaja mwitaji, hakusita hata kidogo, wala hakuharakisha.

Choroko zikakoma. Marashi yakainuka mkekani, yakavuka ukumbi polepole kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, kila aliyepitiwa akajivuta ukutani, na yakasimama penye kiti. Hasina akaanguka kifudifudi, akalia, akaomba maji, akanywa kata nzima.

Direkta alikuwa amerudi kuketi. Ameketi vizuri, mgongo wima, mabega yamejaa kiti. Akajipangusa midomo. Akataka kusema alhamdulillahi, watu wote walimwona akiianza, na kinywa kilipofunguka ikatoka sauti ya mwanamke. Ya Mwanamkasi. Ikaita, ule mwito, neno baada ya neno, mpaka pale mkanda ulipokatwa. Ikakoma. Macho ya mzee yakamtoka. Akafumba mdomo kwa viganja viwili, na ndani ya viganja mwito ukaanza upya.

Tangu siku hiyo hana neno jingine. Akitaka maji anaita. Akitaka kuswali anaita, ikabidi aswali midomo ameifunga kwa kitambaa. Wazee wa Ijumaa hawaji tena, na wapita njia huvuka upande wa pili wanapokaribia baraza ile. Watoto nao wameshaanza kutupa mawe kwenye bati. Hakuna aliyewatuma.

Hasina alinenepa kidogo, rangi ikamrudi. Siku moja akaja dukani, akakaa kwenye kigoda, akacheza na pindo la mtandio.

"Bi Najat, babu anateseka."

"Najua. Nasikia kutoka hapa."

"Wewe kumuaga mgeni unajua. Nilikusikia."

"Najua, ndiyo."

"Basi njoo umuage aende kwao kabisa. Unaweza?"

Najat alikata uzi kwa meno, akaukunja mshono, akamtazama mtoto yule aliyempenda, akamwonea huruma hasa. Lakini huruma ile ilikuwa ya Hasina. Ya babu yake haikuwamo.

"Naweza," akasema. "Sasa amefika kwa aliyemwita, kumpeleka kwao kwawezekana." Akanyoosha kitambaa. "Mama yangu alikaa na jina la mchawi mpaka alipokufa, mwanangu. Babu yako naye akae na mgeni wake mpaka hapo. Siku hiyo niite, nitakuja kumuaga."